Bwana au Mwalimu? Kuhusu To Sir, With Love cha E. R. Braithwaite

Makala hii inakusudia kukichunguza kitabu ambacho watu wengi wanakijua kwa macho ya sinema tu. To Sir, With Love kilitolewa mwaka 1959. Filamu yake, iliyoongozwa na James Clavell na ambamo Sidney Poitier anacheza mwalimu, ilifuata mwaka 1967. Katika Kifaransa filamu hiyo iliitwa Les Anges aux poings serrés, yaani malaika waliokunja ngumi. Jina hili la pili linavutia macho, lakini limefuta neno lililo roho ya kitabu kizima, nalo ni lile neno ambalo watoto wanamwitia mwalimu wao. Sisi tunaoshughulika na lugha hatuwezi kulipita jambo hilo kimya.

Mtunzi alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1912, na kufariki mwaka 2016. Alikuwa amesomea fizikia na kulitumikia jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha, kila alipoomba kazi ya uhandisi alikataliwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Akaingia ualimu, si kwa wito, bali kwa kukosa mlango mwingine. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana msimulizi anaingia darasani akiwa na jeraha ambalo wanafunzi hawakulifanya wao.

Sura za siku za kwanza ndizo bora kuliko zote. Kitabu kinaanza ndani ya basi linaloelekea mashariki ya London, kati ya wanawake wa kazi za sulubu wanaotaniana kwa sauti kubwa. Kisha mwanamke mmoja aliyevaa vizuri anakataa kuketi karibu na abiria mweusi, ingawa nafasi ipo. Hivyo, kabla hatujaiona shule, tumekwisha kupimiwa umbali. Darasani wanafunzi, ambao wataacha shule wakifika umri wa miaka 15, wanamjaribu mwalimu mpya kwa hatua tatu. Kwanza wanamnyamazia. Baadaye wanafanya kelele, hata vifuniko vya madawati vinakuwa silaha. Mwishowe wanatumia matusi. Mtunzi hapambi neno. Kila aliyewahi kusimama mbele ya vijana hamsini bila vitabu vya kutosha ataitambua hali hiyo, hata kama hajafika London.

Kuna tukio moja dogo ambalo, kwa maoni yetu, linamfichua msimulizi kuliko anavyotaka. Anafundisha vipimo vya uzito, na mvulana mmoja anamjibu kwa kumtajia madaraja ya uzito wa mabondia. Darasa linacheka, mwalimu anajibu kwa kejeli. Lakini je, jibu lile si elimu? Kijana amelitafuta neno “uzito” katika maisha anayoyajua, akalipata. Mwalimu wa zamani zaidi angeanzia hapo hapo somo lake. Huyu hakuanzia, kwa kuwa bado anausikia umaskini wao kama tusi kwake yeye. Dharau hiyo kwa watu wa mtaa, kwa nguo zao na harufu ya nyumba zao, haikomi kwa haraka katika kurasa zinazofuata.

Badiliko linatokea baada ya kitendo cha aibu cha wasichana kwenye jiko la kupashia darasa joto. Mwalimu anakasirika, kisha anaweka sheria mpya: wasichana wataitwa kwa heshima ya wanawake wazima, wavulana kwa majina ya ukoo, naye ataitwa Sir. Hapo mtafsiri wa Kiswahili atakwama. Akiandika “Mwalimu”, sentensi itakuwa nyepesi na ya kawaida, kwani kwetu kila mtoto humwita mwalimu wake hivyo. Sir si cheo cha kazi. Ni neno la kumpa mtu hadhi, na hadhi hiyo ndiyo yule mwanamke wa basi alimnyima. Neno letu lililo karibu ni “Bwana”. Katika Kongo ya wakoloni, Bwana alikuwa Mzungu, na aliyelitamka alikuwa Mwafrika. Katika darasa hili watoto weupe wanalitamka kwa mtu mweusi. Tafsiri itakuwa imebeba mageuzi ambayo hata Kiingereza chenyewe hakiyaonyeshi wazi.

Hata hivyo adabu haitoshi, na sifa ya kitabu ni kwamba kinalikubali jambo hilo. Mama ya Seales, mwanafunzi mwenye baba mweusi na mama mweupe, anafariki. Darasa linachanga fedha za maua, lakini hakuna anayetaka kuyapeleka, wakiogopa maneno ya watu iwapo wataonekana wakiingia nyumba ya mtu mweusi. Ni msichana mmoja tu, Pamela Dare, anayejitolea. Miezi ya “ndiyo Bwana” inaonekana kuwa bure. Siku ya mazishi mwalimu anawakuta wamesimama pale, karibu wote. Mtunzi haelezi nani aliwashawishi. Amefanya vema kunyamaza.

Tunaona kasoro moja kubwa zaidi. Shule iliyo kiini cha kisa ni St George-in-the-East, mtaa wa Stepney, na mkuu wake Alex Bloom alikuwa ameondoa viboko na kuwapa wanafunzi haki ya kusema hata kabla Braithwaite hajafika. Katika kitabu mkuu huyo, aliyepewa jina la Florian, anaheshimiwa, ila mavuno yote yanaingia ghalani mwa msimulizi.

Kama mmoja wa wanafunzi wetu atathubutu kukitafsiri, tungependelea aandike “Kwa Bwana, kwa Upendo”, na dibaji fupi. Hapa Lubumbashi wanunuzi wa kwanza watadhani ni kitabu cha sala, au barua ya mke kwa mumewe. Dibaji itawaeleza.