Maji Huzuiliwa Chini ya Tailizi

Dari ya sebule ilikuwa na doa la rangi ya chai, na juu yake palikuwa na bafu lenye tailizi zinazong'aa, bila ufa hata mmoja. Fundi wa kwanza kuitwa alitaka kuchokonoa grauti na kujaza nyingine. Mafundi wengi wangesema hivyohivyo, lakini grauti ya saruji hupitisha maji hata ikiwa mpya. Tailizi kazi yake ni kupendeza na kusafishika. Kuzuia maji ni kazi ya kilichoko chini yake.

Mwenye nyumba hii ya Tanga akakubali kona ya kuogea ibomolewe, na hapo mambo yakawa wazi. Slabu ilipakwa dawa ya kuzuia maji, tena vizuri tu, ila ilipakwa ikiwa imelala sawa. Mteremko ulikuja baadaye, kwenye udongo wa saruji uliobeba tailizi. Maji yaliyopenya kwenye grauti yakashuka hadi kwenye dawa, yakakosa pa kwenda, yakatuama. Dawa yenyewe ilikomea kama upana wa kidole kabla ya kufika kwenye flotrapu, pale bomba linapotoboa slabu. Kila aliyeoga aliongeza maji kwenye bwawa lisiloonekana.

Marekebisho yalianza kwa kugeuza mpangilio: mteremko kwanza, dawa juu yake. Kona ina sentimita 90 kwa 120, na flotrapu iko katikati, kwa hiyo kutoka kwenye kila pembe hadi kwenye tundu ni sentimita 75. Mteremko unaokubalika ni sentimita 2 kwa kila mita, yaani hapo inatoka sentimita moja na nusu. Fundi alipiga alama ukutani pande zote nne kwa kimo kimoja, sentimita moja na nusu juu ya mdomo wa flotrapu, akajaza mchanganyiko mkavu-mkavu wa ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, kisha akauvuta kwa ubao kutoka ukutani kuelekea tundu. Ukingo ukiwa sawa pande zote, tailizi za ukutani hazihitaji kukatwa kimshazari. Katikati ya ukuta mrefu mteremko unakuwa mkali kidogo kuliko kwenye pembe, lakini mguu hauhisi.

Sakafu ilipokauka, kiungo cha sakafu na ukuta kilifanyiwa duara dogo la saruji, kikabandikwa utepe wa wavu, maana nyumba ikicheza ufa huanzia hapo. Dawa ilipakwa mara mbili, mkono wa pili ukikatisha wa kwanza, ikapandishwa ukutani hadi juu ya kichwa cha bomba la mvua. Ikaingizwa hadi ndani ya shingo ya flotrapu. Sehemu hiyo ndogo ndiyo ningeikagua kwanza katika bafu lolote.

Halafu likaja jaribio ambalo mafundi hulikwepa kwa sababu linakula siku nzima. Tundu lilizibwa, kona ikajazwa maji chini kidogo ya kizingiti, kina kikawekewa alama ya penseli, yakaachwa saa 24. Maji hayakushuka chini ya alama, na dari ya chini ikabaki kavu. Kuruka hatua hii ni kumwachia mwenye nyumba alifanye jaribio mwenyewe, tailizi zikiwa tayari zimebandikwa.

Tailizi zilizochaguliwa ni ndogo, za sentimita 5, zilizoshikana kwenye wavu. Ya sentimita 30 haipindi kufuata sakafu inayoteremka kutoka pande nne. Lazima ikatwe kwa grainda kwenye mistari inayotoka kila pembe hadi tundu. Isitoshe, viungo vingi huzuia kuteleza. Gundi ilitandazwa kwa mwiko wa meno. Matonge matano chini ya kila tailizi, mtindo ulioenea sana, huacha mashimo yanayohifadhi maji, na ukigonga unasikia utupu. Kipande kimoja kilibanduliwa makusudi kikiwa kibichi: mgongo wake ulikuwa umejaa gundi karibu wote.

Kiungo cha sakafu na ukuta kilijazwa silikoni badala ya grauti, kwa kuwa grauti haina mnyumbuliko. Silikoni huchakaa na itabadilishwa, kazi isiyohitaji kubomoa chochote. Ukungu wa saruji ulioachwa na grauti juu ya tailizi ulifutwa kwa sponji mbichi siku ileile, ili pasiwe na sababu ya kumwaga asidi, ambayo huila grauti kabla sakafu haijaanza hata kutumika.