Mashairi ya wachungaji wa ngombe wa Marekani: kazi njo inatangulia kalamu

Mara mingi tunafikiri kama shairi ni kazi ya watu wa masomo. Wachungaji wa ngombe wa Marekani wanatuonyesha njia ingine.

Kisha vita ya wenyewe kwa wenyewe kuisha mwaka 1865, vijana, na kati yao Weusi na Wameksiko wengi, walipeleka makundi ya ngombe toka Texas mpaka ku reli kule Kansas. Usiku walizunguka kundi wakiimba polepole, juu ngombe zisishituke na kukimbia. Nyimbo zile ni ndugu ya mashairi yao. Juu ya ile, vina na mapigo ya sawasawa haviko mapambo tu: vinasaidia mutu kushika shairi mu kichwa na kulisema mbele ya wenzake bila karatasi.

Tuangalie Bruce Kiskaddon (1878-1950). Alichunga ngombe tangu ujana. Mukubwa wake, Tap Duncan, njo alimutia moyo aandike, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1924. Lakini miaka mingi aliishi Los Angeles, akibeba mizigo ya wageni ku hoteli. Kalamu yake haikupotea pale mujini, kwani kazi ilikuwa imekwisha kuingia mu mwili wake.

Tena kuko Wallace McRae, mufugaji wa Montana. Alipinga uchimbaji wa makaa ya mawe, na mashairi yake yanalilia inchi iliyomezwa na mashimo. Sisi tunaokaa karibu na migodi tunamusikia vizuri.

Tangu mwaka 1985 washairi hawa wanakutana Elko, mu Nevada. Hata hivyo, si yote inatufurahisha. Kuko mashairi yanayosifu kofia na farasi tu, na kina kinavuta maana kwa nguvu. Mutu asiyejua kamba inavyochoma kiganja anaweza kuandika vile. Shairi nzuri linataja kila kitu cha kazi kwa jina lake, tena bila kuficha hasara na uchovu.

Kwetu wavuvi, wafugaji na wachimbaji wako na maneno yao. Wazee wanaenda nayo kaburini. Basi, kijana anayetaka kutunga, aende kwanza aombe kazi kwao, asikilize, halafu ashike kalamu.