Wimbo wa Mashine na Pumzi ya Mtu

Kuna hukumu mbili zinazotolewa upesi juu ya muziki wa mashine. Ya kwanza husema kuwa muziki huo si sanaa, kwa sababu mashine haina moyo. Ya pili husema kuwa umeishinda sanaa ya zamani, kwa sababu ni mpya. Hukumu zote mbili zina kasoro moja: zinatazama chombo wala hazisikilizi wimbo. Katika insha hii tutaupima wimbo mmoja wa Kenya, "Ha-He" wa kundi la Just a Band, tuone kama wimbo uliotengenezwa kwa mashine waweza kuitwa wetu.

Kabla ya kuufikia wimbo huo, yafaa tuujue ukoo wake. Mwaka 1978 kijana mmoja Mwingereza, Gary Numan, aliingia studio na kundi lake la Tubeway Army kurekodi nyimbo za magitaa. Humo alikuta kinanda cha umeme cha aina ya Minimoog kilichoachwa na watu wengine. Kinanda cha namna hiyo hakina nyuzi wala ngozi. Sauti yake huzaliwa katika mikondo ya umeme. Alikibonyeza, akaipenda ngurumo yake, akabadili njia. Mwaka 1979 ilitoka santuri ya "Are 'Friends' Electric?", ikakaa juu ya orodha ya nyimbo za Uingereza kwa majuma manne. Wimbo ule ulizidi dakika tano, na mahali pa kibwagizo cha kuimbwa palishikwa na kinanda. Hata hivyo, ngoma na gitaa la besi vilipigwa kwa mikono ya watu. Wengi waliusifu wimbo kwa ubaridi wake wa mashine, wengine wakaulaumu kwa ubaridi huo huo; lakini mwendo wake ulikuwa wa wanadamu.

Mlango ulipofunguka, wengi waliingia, na hofu ikaingia pamoja nao. Mwaka 1982 wanachama wa tawi moja la Chama cha Wanamuziki mjini London walitaka mashine hizo zipigwe marufuku. Shauri lao halikufaulu, lakini hofu yao haikuwa ya kipumbavu. Mtu ambaye chakula chake hutoka katika fidla hawezi kucheka akiona kinanda kimoja kikiiga fidla ishirini. Jambo hilo si geni kwetu. Katika harusi ya Kitengela leo, mwimbaji mmoja mwenye gitaa na ngoma za mashine aweza kufanya kazi ya bendi nzima. Mwenye harusi hupunguziwa gharama, na mpiga ngoma hubaki nyumbani. Mhakiki asiyeona hasara hiyo hastahili kusikilizwa anapousifu muziki mpya.

Sasa tuje kwetu. Just a Band lilianza mwaka 2003 miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hawakuwa na jukwaa kubwa wala bendi ya watu wengi. Walikuwa na kompyuta, vinanda na masikio makini. Santuri yao ya kwanza, "Scratch to Reveal", ilitoka mwaka 2008, na ya pili, "82", ilitoka mwaka 2009. "Ha-He" umo katika hiyo ya pili.

Tazama jina lenyewe. "Ha" na "he" si maneno ya kamusi. Ni pumzi: ni sauti anayoitoa mtu achezapo, ainuapo mzigo, au ashindanapo na mwenzake. Hapa msikilizaji wa Kajiado ana jambo la kuwafundisha wengine. Katika nyimbo za Wamaasai, kiongozi aitwaye olaranyani hutoa mwito, na kundi humjibu kwa sauti nzito za koo zinazorudiwa kwa kipimo kimoja. Kwa kawaida hapana ngoma. Koo na vifua ndivyo ngoma. Nyingi za sauti hizo hazina maana ya kutafsiriwa, lakini ukiziondoa, wimbo huanguka. Sisemi kwamba vijana wale walichukua wimbo wao Kajiado. Nasema kwamba sikio lililolelewa na nyimbo hizo halihitaji kufundishwa kuwa silabi tupu yaweza kubeba wimbo mzima. "Ha-He" umeijua siri hiyo ya kale. Umeipa mashine kazi ya kurudia, ukampa mtu kazi ya kupumua.

Machi 2010 wimbo ulitolewa pamoja na filamu fupi ya shujaa wa mzaha, Makmende. Filamu ilisambaa katika intaneti kwa kasi, na Wakenya wakatunga mizaha mingi juu ya nguvu zake. Jina hilo watoto wa Nairobi walikuwa nalo zamani. Husemwa kuwa lilitokana na maneno ya shujaa wa filamu ya Kimarekani, yakageuzwa na ndimi za Sheng hata mwenyewe asingeyatambua. Basi filamu ilifanya kwa neno la kigeni lile lile ambalo wimbo ulifanya kwa chombo cha kigeni.

Lakini sifa hiyo ilileta hasara. Wapo wanaomkumbuka Makmende bila kulikumbuka jina la wimbo. Picha ilimeza sauti. Tena, nguvu ya wimbo imo katika mwendo na mwito kuliko katika maneno. Atafutaye shairi la kutafakari hatashiba hapa. Kasoro hizo ni za kweli, wala si haki kuzificha kwa ajili ya mapenzi.

Urithi wake, hata hivyo, si mzaha peke yake. Wenyewe waliendelea kuzaa kazi: Blinky Bill alitoa santuri yake mwaka 2018, na Mbithi Masya aliongoza filamu ya "Kati Kati" mwaka 2016. Zaidi ya hayo, wimbo ulionyesha kuwa kijana wa Nairobi au Kitengela aweza kuketi mbele ya kompyuta bila kugeuka mwigaji wa London.

Nyuma ya Kitengela wapo mafundi wanaoyeyusha vioo vilivyotupwa na kuvipuliza kuwa vyombo vipya. Hakuna aulizaye kioo kile kilitengenezwa nchi gani. Huuliza chombo kimekaaje. Wimbo nao upimwe hivyo. Asikiaye muziki wa mashine asiulize mashine ilinunuliwa wapi. Aulize ni nani anayepumua ndani yake. Akisikia pumzi, aipokee kama yake. Asiposikia, aukatae bila woga, hata kama dunia nzima inaucheza.