Likasi hadi Dar es Salaam: safari inayopangwa kuanzia mpakani

Ukitazama ramani, njia ya lori la shaba kutoka Likasi hadi bandari ya Dar es Salaam ni mstari mmoja wa kama kilomita 2,200: Lubumbashi, Kasumbalesa, Ndola, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde, Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro. Dereva mzoefu haihesabu hivyo. Kwake safari ina milango miwili, Kasumbalesa kati ya Congo na Zambia, na Tunduma kati ya Zambia na Tanzania. Siku ya kupakia, mazutu ya kujaza na fedha za njiani hupangwa kwa kuanzia kwenye milango hiyo na kurudi nyuma hadi Likasi.

Lori linalotoka Uhispania kwenda Poland hupita Ufaransa na Ujerumani bila kugongewa muhuri, kwa kuwa nchi zote nne zimo katika umoja mmoja wa forodha. Huku jumuiya zenyewe zinapishana. Congo na Zambia zimo COMESA, lakini Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na kuikuta Tanzania humo, Zambia haimo. SADC ndiyo inayozikusanya zote tatu. Bahati njema ni bima: kadi ya njano ya COMESA inatambuliwa njia nzima, kwani Tanzania ilibaki katika mpango huo hata baada ya kuondoka kwenye jumuiya. Asiyeichukua kabla ya kuondoka atanunua bima upya kila mpaka.

Kazi ngumu zaidi hufanyika kabla injini haijawashwa, pale shaba inapopakiwa. Kathodi, yaani mabamba ya shaba, ni nzito na hazichukui nafasi. Trela linaweza kuonekana nusu tupu kumbe limeshafika kikomo, na marobota yakisogezwa mbele au nyuma kidogo tu, uzito unahamia ekseli nyingine. Zambia na Tanzania zinakubaliana kwenye kipimo kikuu: tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo, tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli mbili pacha na 24 kwa ekseli tatu zenye matairi mawili mawili kila upande. Tanzania imekuwa ikitumia sheria ya pamoja ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari tangu Machi 2019. Kwa hiyo lori linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likakwama mizani kwa kosa la ekseli moja, na hapo hakuna njia ila kupanga mzigo upya kando ya barabara, mbali na winchi iliyoupakia. Msimamizi wa upakiaji anayepima ekseli kwa ekseli akiwa bado Likasi ameokoa zaidi ya dereva yeyote anayekimbiza lori.

Kasumbalesa ni mtihani wa karatasi. Upande wa Congo kuna forodha, yaani DGDA, kuna OCC inayokagua bidhaa, na kuna CEEC inayothibitisha madini. Upande wa Zambia, wakala anapaswa awe ameshaingiza tamko la mzigo wa kupita katika mfumo wa mamlaka ya mapato, ZRA, kabla lori halijafika getini. Tani, namba za lakiri na namba ya trela lazima zilingane kwenye kila karatasi; tarakimu moja ikikosewa, lori linabaki kwenye foleni. Baada ya hapo upande wa kuendesha unageuka: Congo ni kulia, Zambia na Tanzania ni kushoto. Mwenye usukani wa kushoto haoni vizuri anapotaka kulipita gari la mbele, na kwenye barabara ndefu ya Kapiri Mposhi hadi Nakonde uvumilivu unamfaa kuliko kasi.

Akiba ya siku nayo si anasa. Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde, upande wake wa Tunduma, kwa sababu ya korona. Agosti 2024 iliifunga Kasumbalesa kwa siku chache katika mgogoro na Congo kuhusu uingizaji wa bia na vinywaji baridi, na pamoja nayo Mokambo na Sakania, njia zile zile ambazo wapangaji wengi walikuwa wameziandika kuwa za dharura. Njia mbadala inayotegemea uamuzi wa serikali ile ile haiwezi kuitwa mbadala. Bora kumpa dereva fedha za kula na kulala za ziada kuliko kumchorea ramani ya pili.

Tunduma imepata nafuu tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa Oktoba 2019. Hata hivyo saa inahama: Haut-Katanga, jimbo ilimo Likasi, na Zambia zina saa ileile, Tanzania iko mbele kwa saa moja. Anayefika Nakonde saa kumi jioni anakuta upande wa pili ni saa kumi na moja, na ofisi nyingine zinakaribia kufunga. Mbele ya hapo mizani ya Mpemba inasubiri, halafu mteremko wa Kitonga ambako lori lenye shaba hushuka kwa gia nzito ili breki zisiungue, kisha hifadhi ya Mikumi, ambako kugonga mnyama kuna faini.

Wengi hupanga kwenda wakasahau kurudi. Mzigo wa kuingia Congo unahitaji FERI, hati ya OGEFREM, ofisi ya Congo inayosimamia mizigo, na hati hiyo hushughulikiwa mzigo ukiwa bado bandarini. OGEFREM ina ofisi Dar es Salaam kwa kazi hiyo. Maombi yakianza siku lori linapovuka Tunduma, hati inaweza kuwa tayari shaba inapoteremshwa. Yakianza baada ya kuteremsha, lori linalala bandarini na mwenye mali analipia kila usiku.