Waokozi wa Ballycotton

Msafiri afikaye Ballycotton, kijiji kidogo cha wavuvi katika jimbo la Cork, kusini ya Ireland, aghalabu huvutiwa kwanza na mnara wa taa uliopakwa rangi nyeusi, uliosimama kisiwani mbele ya bandari. Lakini kwa rai yangu yastahiki sifa kubwa zaidi mashua ya uokozi, na wale wanakijiji ambao, wapatapo habari ya chombo kilichofikwa na msiba, huziacha shughuli zao wakaingia baharini kwa hiari. Chama chao cha uokozi, chenye asili ya Uingereza, kiliasisiwa mwaka 1824, nacho huendeshwa zaidi kwa hisani ya watu. Hata Ireland ilipojipatia utawala wake mwaka 1922, hakikuzipa kisogo pwani zake.

Ushujaa wao ulidhihirika Februari 1936, pale tufani ilipoikata minyororo ya merikebu ya taa iliyolinda mwamba wa Daunt. Nahodha Patrick Sliney na wenzake, ndani ya mashua iitwayo Mary Stanford, walikaa baharini saa 49, katika baridi na njaa, na mwishowe, merikebu ile ikiyumba kwa kishindo ambacho kingaliweza kuwaangamiza wote, Sliney aliisogeza mashua ubavuni mwake mara baada ya mara, hata mabaharia wote 8 wakaokolewa. Subira ya namna hiyo, ewe msomaji, ni adimu! Alitunukiwa nishani ya dhahabu, na wenzake za fedha na shaba. Na Mary Stanford, baada ya kukarabatiwa, imewekwa kijijini humo, ambamo kituo cha uokozi kingali kikifanya kazi.