Shimo la Mraba

Fundi anayechonga bao ana swali moja la kuuliza kabla hajashika tezo: bao hili litachezewa nini? Hapa Kimuli swali hilo ni zito kuliko Unguja. Kimuli imo Kyerwa, wilaya iliyokuwa kipande cha Karagwe hadi ilipogawanywa mwaka 2012, na mipaka yake inagusa Rwanda upande mmoja na Uganda upande mwingine. Rwanda wanacheza igisoro. Ng'ambo ya Mto Kagera, Uganda, wanacheza omweso. Bao la Kiswahili nalo limepanda huku kutoka pwani, pengine kwa njia ile ile ya misafara iliyopitia Tabora, maana msafiri Mwingereza Speke alipofika kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwaka 1861 aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wameshamtangulia. Michezo yote mitatu ina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kwa mpita njia ni kitu kimoja. Kwa fundi ni mabao mawili tofauti, la igisoro na omweso upande mmoja na la Kiswahili upande mwingine, na kinachoyatenganisha ni shimo moja tu kila upande.

Shimo hilo ni nyumba. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji anayo nyumba yake katika safu ya mbele, na fundi anayejiheshimu huichonga mraba, ionekane hata jioni taa ikiwa hafifu. Mchezo ukianza nyumba ina kete sita, mashimo mawili yanayoifuata yana kete mbili mbili, na 22 zilizobaki zinakaa mkononi, zikisubiri kunamuliwa, yaani kuingizwa mchezoni moja moja. Mraba huo unamsumbua fundi kuliko mashimo mengine yote 30. Duara linafuata mkono. Ukizungusha patasi, mti unakubali. Mraba unataka mkono usimame penye kona, na kona ikichongwa kali mno kete zinajificha humo, vidole vya mchezaji vinazikosa, na hesabu inaharibika katikati ya kupanda. Kwa hiyo juu ni mraba lakini chini lazima pabonyee kama kiganja, ili kete zizoleke zote kwa mkupuo mmoja. Halafu kuna jambo ambalo mnunuzi halioni kabisa. Mraba unakula mti mwingi kuliko duara, hivyo kuta zake zinakuwa nyembamba, na fundi asipoacha nafasi tangu anapopima gogo, ukuta kati ya nyumba na jirani yake utapasuka mwaka wa pili. Nyumba haiongezwi kwenye bao lililokwisha. Inapangiwa mahali pake mti ukiwa bado mzima.

Ninaligusa shimo hili kwa sababu kuna mabishano yanayoendelea duniani kati ya wapenzi wa michezo ya mkakati ya kompyuta, na vijana wetu wenye simu na kompyuta mpakato wamo ndani yake: je, gemu lililotoka vibaya linaweza kuokolewa na matoleo ya nyongeza? Gemu linauzwa leo likiwa na mapengo. Miezi inayofuata vinakuja viraka. Mwaka unaofuata inakuja nyongeza ya kulipia. Kisha watu wanaambiana kwamba sasa ndipo limekamilika. Jibu langu ni kwamba nyongeza huokoa pale tu ambapo msingi uliiachia nafasi, na hata hapo kinachookolewa ni gemu, si uaminifu wa aliyeliuza.

Ushahidi wa upande wa pili ni mzuri, na haifai kuupunja. Mfano unaotajwa kuliko yote ni Civilization V ya kampuni ya Firaxis, iliyotoka Septemba 2010. Wazee wa mfululizo huo, ulioanzishwa na Sid Meier mwaka 1991, walinung'unika kwa haki. Dini na ujasusi, vitu vilivyokuwamo katika toleo la nne, vilikuwa vimetoweka. Mwaka 2012 ikaja nyongeza ya Gods & Kings ikavirudisha vyote viwili; mwaka 2013 ikaja Brave New World na njia za biashara, itikadi, na baraza la mataifa. Kazi hiyo iliongozwa na Ed Beach, si Jon Shafer aliyebuni lile la awali, na hakuna mchezaji makini anayekana kwamba aliifanya kwa ustadi. Lakini tazama alichokikuta. Alikuta ardhi imegawanywa kwa vipande vya pembe sita, na sheria ya jeshi moja tu kwa kila kipande, mawazo mawili makubwa ambayo Shafer aliyaweka chini kabla ya mengine. Beach hakuchimba upya. Aliweka kete katika mashimo yaliyokuwa yakimsubiri. Na mchezaji aliyekuwa amelipa dola 50 alilipa 30 nyingine, kisha 30 tena, mara ya kwanza ili arudishiwe alichokuwa nacho katika toleo la nne.

Atainuka mtu aseme bao lenyewe ni mtoto wa nyongeza. Kunamua na nyumba, atasema, havimo katika igisoro wala omweso. Bila shaka kuna wachezaji wa zamani wa pwani walioviongeza juu ya mchezo uliokuwa rahisi, basi kwa nini tuwalaumu wa kompyuta kwa kufanya yale yale? Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Naamini alivyosema ndivyo ilivyokuwa, ingawa hakuna aliyeandika siku yake. Ila omweso bado unachezwa, bila nyumba, bila kunamua, na hakuna Mganda anayejiona amepunjwa. Mchezo wa kwanza ulikuwa mzima. Walioongeza walikuwa wachezaji wenyewe, wameukalia mchezo hadi wameumaliza, wakataka mlima mrefu zaidi. Hawakuwa wauzaji wanaoziba tundu walilolijua siku ya kuuza. Hata leo anayeanza hufundishwa bao la kujifunza kwanza, na bao la kujifunza ni mchezo kamili kwa kiwango chake. Lugha inatumia neno moja, nyongeza, kwa mwana anayezaliwa katika nyumba iliyojaa na kwa kiraka cha suruali. Hapo ndipo mabishano yanapopotea njia.

Hoja nyingine ni kwamba gemu si gogo. Mti ukishachongwa hauna marejeo, lakini maandishi ya programu yanaweza kuandikwa upya hata usiku wa manane. Ni kweli, na kisa cha Imperator: Rome kinathibitisha. Paradox, kampuni ya Sweden, ililitoa Aprili 2019 likapokewa kwa baridi. Hawakulitupa. Walilifumua na kulifuma upya hadi toleo la 2.0 la Februari 2021, na waliolicheza walikiri limekuwa gemu jingine kabisa. Miezi michache baadaye kampuni ikasimamisha kazi ya gemu hilo. Programu ilikuwa imepona, lakini watu walikuwa wamekwisha kuondoka. Hili anayejua baraza la bao halimshangazi. Bao si mti peke yake. Ni mti na wale wanne watano wanaolizunguka kila alasiri, anayecheza, anayesubiri zamu, na yule asiyejua kucheza lakini anajua kubisha. Wakishatawanyika kwa sababu bao lilikuwa bovu, kupaka bao hilo vanishi hakuwarudishi. Wameshapata karata, au drafti, au simu.

Cities: Skylines II, gemu la kujenga miji lililotoka Oktoba 2023 chini ya Paradox hao hao, lilifanya kosa la aina yake. Lilikuwa zito, linakwama hata kwenye mashine za bei mbaya, na kabla halijakaa sawa likaletewa nyongeza ya kulipia ya nyumba za ufukweni, Machi 2024. Wanunuzi walikasirika kiasi kwamba mwezi uliofuata kampuni iliomba radhi, ikawarudishia watu fedha na kuigawa nyongeza ile bure. Kuongeza si dawa ikiwa mgonjwa hajatibiwa; kunamwongezea mzigo.

Watetezi wa biashara wana neno pia, nami nalikubali nusu. Gemu kubwa hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka, fedha inakatika, basi mauzo ya kwanza ndiyo yanayogharimia kumalizia. Hata mchonga bao huchukua malipo ya awali. Lakini anayempa fundi malipo ya awali ameoneshwa gogo, akaambiwa hili ni gogo, rudi baada ya mavuno ya kahawa. Hakupewa gogo lililofungwa kwa karatasi ya zawadi na kuambiwa ni bao. Huko kwetu kunaitwa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na halipatikani jina lililo bora zaidi. Tena kiraka kina gharama ambayo wahandisi wa Firaxis kule Maryland na wa Paradox kule Stockholm hawaihisi. Kwao kupakua viraka ni kazi ya wakati wa kunywa chai. Kwa kijana wa Kyerwa anayenunua bando kwa siku, kila kiraka ni fedha, na gemu lisilokamilika kwake linabaki hivyo hivyo lilivyotoka.

Toleo la saba la Civilization, lililotoka Februari 2025, linanigusa kwa karibu zaidi kwa sababu ndani yake imo Buganda, jirani yetu. Jambo la kufurahisha, bila shaka. Lakini wachezaji wengi walililalamikia tangu siku za mwanzo, na Uingereza, dola iliyoitawala Buganda na baadaye sisi wenyewe, haikuwamo sandukuni. Iliuzwa kando mwezi uliofuata. Niruhusiwe kucheka kidogo: safari hii mkoloni ndiye aliyekuwa nyongeza. Hukumu ya toleo hilo bado, na inawezekana Ed Beach, aliyeliongoza hili pia, ataliponya kama alivyoliponya la tano. Hata hivyo ukitaka kuona Waganda wanavyotengeneza kilichoharibika, nenda Kasubi, jijini Kampala. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa ya makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, iliyojengwa mwaka 1882, iliteketea Machi 2010. Kuezeka paa lake ni haki na wajibu wa ukoo wa Ngeye, na kazi haikukabidhiwa kwa aliye na haraka zaidi. UNESCO iliitoa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023, baada ya miaka 13, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeambiwa nyumba imekamilika na paa litafuata.

Ajabu ni kwamba tabia hii haikubaki kwenye kompyuta. Bao nalo linaanza kutolewa kabla ya siku yake. Mvule wa kukaushwa taratibu chini ya kivuli hausubiriwi. Ubao unachongwa ungali mbichi, unakaukia dukani, na ufa unapita safu mbili kwa mpigo. Mashimo yanakuwa na kina cha kifuniko cha chupa, maana wateja wengi ni wageni watakaolitundika ukutani, na ukutani kete hazimwagiki. Hatimaye yapo mabao ya mashimo 32 ya duara yote, yamechongwa kwa mashine, sawa sawa kama trei ya mayai, na nyumba imewekwa mwishoni kwa kuichora mraba wa kalamu ya wino juu ya duara. Yanauzwa kama mabao ya Kiswahili. Wiki ya kwanza wino unaonekana. Kisha vidole vinapita na kurudi, jasho, vumbi la barabarani, kete zikipandwa na kuzolewa, hadi alasiri moja wachezaji wawili wanasimamisha mchezo na kubishana shimo lipi lilikuwa nyumba.