Chomeka Hita Kwenye Gari!

Imewaka! Hita ya mafuta ya wati 1,500 iko sebuleni, waya wake umepita dirishani hadi kwenye gari lililoegeshwa uani, na chumba kinapata joto. Stima imepotea mtaa mzima, lakini hapa hakuna jenereta inayonguruma wala jiko la makaa mlangoni. Gari lenyewe ni Hyundai Ioniq 5, la umeme mtupu, ambalo rafiki yangu ameagiza kutoka Uingereza na kwa mara ya kwanza ameniachia ufunguo. Nimejaribu magari mengi, ila hili wacha tu!

Kwa asiyeijua Limuru: tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Julai ukungu hushuka kwenye mashamba ya majani chai ukakataa kuondoka. Watu wa Mombasa hudhani tunatia chumvi. Baridi hii ndiyo inayofanya watu waingize jiko chumbani, wafunge madirisha na kulala, na msimu kwa msimu tunasikia habari za watu ambao hawakuamka, wameuawa na kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo nikiona joto lisilo na moshi hata chembe, tena stima ikiwa imepotea, mniwie radhi, siwezi kuongea polepole.

Kazi yenyewe ni rahisi mpaka inachekesha. Unafungua kifuniko cha kuchajia, unachomeka adapta palepale ambapo kwa kawaida umeme huingia, unabonyeza kitufe, na umeme unaanza kutoka. Ni umeme uleule wa ukutani kwako, na soketi ni ya pini tatu. Mpango huu huitwa V2L, na gari hili linaweza kutoa hadi kilowati 3.6. Nikaanza uchokozi. Hita inavuta 1,500; nikaongeza birika la umeme la wati 2,000. Jumla 3,500, chai ikachemka na hita haikutetereka. Nikachomeka na pasi, makusudi kabisa, nione litafanya nini. Tap! Kila kitu kikazimika. Gari limejilinda lenyewe. Nikachomoa pasi, nikawasha upya, mambo yakaendelea. Nilipiga makofi peke yangu pale uani, jirani akachungulia.

Tuje kwenye hesabu, maana utamu wote uko hapa. Betri ya gari hili ni ya kilowati-saa 77.4. Skrini inakuruhusu kuweka kikomo, nami nikaweka asilimia 20 ili asubuhi mwenye gari aweze kwenda kazini. Zinabaki karibu kilowati-saa 62. Hita ikivuta bila kupumzika, hizo ni kama saa 40 kwenye karatasi. Toa kinachopotea njiani na kinachotumiwa na gari lenyewe kukaa macho, bado una joto la usiku wa siku nne, saa nane kila usiku! Na hita yenye thermostati hupumzika chumba kikishapata joto. Barabarani hasara yake ni kilomita nane au tisa kwa kila saa ya kuota joto, yaani usiku mzima unakula safari ya kwenda Nairobi na kurudi. Mimi naona ni bei nafuu.

Sasa linganisha na betri ya asidi ya volti 12 iliyo chini ya boneti ya Toyota Probox. Ile ya ampea-saa 60 ina wati-saa 720 kwa jina, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Hita hiihii kupitia inveta ingevuta zaidi ya ampea 125. Hapo una dakika 14 za karatasini. Kwa kweli ukipata kumi shukuru, kwa sababu betri ya asidi ikikamuliwa kwa nguvu hutoa pungufu ya ilichoahidi. Na vile vihita vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, vinavyotangazwa kwa mbwembwe eti vitapasha gari zima? Fyuzi ya tundu hilo aghalabu ni ya ampea 10 hadi 15, hivyo huwezi kupata zaidi ya wati 180. Hiyo si hita, ni salamu.

Wajapani walishtuka mapema. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, Nissan ilileta mwaka 2012 mtambo wa kulisha nyumba kwa umeme wa Leaf, gari lake la umeme. Lakini Leaf huhitaji mtambo huo wa kando. Ioniq 5, iliyozinduliwa 2021, inveta yake imo tumboni mwake! Adapta ndiyo ya kuulizia kabla hujalipa, maana mara nyingi huuzwa kando.

Na kinachonipendeza zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya stima ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, wa Olkaria kule Naivasha. Unachaji usiku wakati watu wamelala, na joto la Bonde la Ufa linaishia kwenye miguu yako.

Tahadhari mbili kabla hujajaribu. Kunjua ekstensheni yote, usiiache imeviringwa, la sivyo inaweza kuyeyuka. Na usijaribu kulisha nyumba nzima kupitia soketi ya ukutani: bila swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi, umeme wako utarudi kwenye laini na unaweza kumuua anayeitengeneza.

Bei ya gari? Ni ya kununulia ploti, nakiri. Mwenye Probox atafute blanketi la umeme la volti 12. La wati 45 huvuta kama ampea nne, na nusu ya ile betri ya ampea-saa 60 inalilisha saa saba hivi. Weka kifaa cha kukata umeme volti zikishuka, ujifunike, ulale. Asubuhi Probox itawaka.